Mjadala: Fedha za mnada wa korosho kwenye programu za C, tuzichape kwa PRId64 au kwa %lld?

Mleta mada (Mtwara Mjini)
Wakuu, salaam. Msimu ukikaribia, sisi tunaoviandikia vyama vya msingi programu za mizani na stakabadhi huwa tunarudi kwenye ubishi uleule: kwenye lugha ya C, namba kubwa ya fedha ichapwe kwa alama ipi ili isitoke imeharibika. Leo tuuanike hadharani.

Chukua mfano wa hesabu tu. Kilo 1,250,000 kwa bei ya shilingi 4,000 ni shilingi 5,000,000,000. Namba kamili ya biti 32 inaishia 2,147,483,647, kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba jumla ikae kwenye int64_t, aina ya namba kamili ya biti 64. Kazi iko kwenye kuichapa. Andika `printf("%ld", jumla)`, yaani ichape kama namba ya aina ya long, kwenye Linux ya biti 64, utapata bilioni tano zako kamili. Peleka mstari huohuo kwenye Windows ya ofisini, ambako long ni biti 32 hata mashine ikiwa ya biti 64, na karatasi itatoka na 705032704.

Itazameni vizuri hiyo namba. Haina alama ya kutoa wala takataka yoyote, ni fedha inayoonekana halali. Zingekuwa kilo milioni moja kwa 3,500, ingetoka -794967296 na hata mlinzi wa ghala angeshtuka. Hii ya milioni 705 inapita mezani na kugongwa muhuri.

C99, kiwango cha C cha mwaka 1999, ilileta dawa mbili: makro PRId64 (jina linalogeuzwa kuwa alama inayofaa kwenye mfumo husika) na alama %lld ya aina ya long long:

`printf("Jumla: %" PRId64 "\n", jumla);`
`printf("Jumla: %lld\n", (long long)jumla);`

Msimamo wangu: hii ya pili iwe kanuni kwa kila programu inayogusa fedha za wakulima huku Kusini. Kiwango cha C kinasema long long haipungui biti 64, popote pale. Halafu sentensi inabaki nzima. Hebu someni hii: `"Umelipwa shilingi %" PRId64 " kwa kilo %" PRId64 " za korosho"`. Mpe mtu mwingine arekebishe Kiswahili chake humo, uone atakavyohangaika na alama za kunukuu. Karibuni mnikosoe.

Masasi
Napinga, na sababu yangu si urembo wa sentensi. Ukigeuza kwa nguvu kuwa long long umeiziba mdomo kompaila, programu inayoitafsiri kodi yako. Leo jumla ni int64_t. Mwakani anakuja kijana anaibadilisha kuwa double, namba yenye desimali, kwa ajili ya senti. `(long long)jumla` itazikata hizo senti kimyakimya, na hata uwashe -Wall, swichi ya maonyo, hupati onyo. Ungekuwa na PRId64, kompaila ingepiga kelele palepale. Fedha za watu zinataka mpiga kelele.

Newala
Mimi sina upande, ila anayeandika %ld kwenye fedha anafanya kangomba tu: mkulima anapimiwa kwa kipimo cha mnunuzi.

Nachingwea
Mnabishana kuhusu kuchapa wakati namba imeshaharibika kabla haijafika huko. Nimeona hii zaidi ya mara moja: `int64_t jumla = kilo * bei;` ambapo kilo na bei zote ni int ya biti 32. Zinazidishwa kama int, zinafurika, ndipo uchafu unamiminwa kwenye int64_t. Andikeni `(int64_t)kilo * bei`, halafu mwendelee na ubishi wenu.

Mleta mada
Dada wa Nachingwea, hilo liingie kwenye kanuni bila kupigiwa kura. Ndugu wa Masasi, hapo kwenye double umenibana. Lakini makro nazo zina mizigo yake: Visual Studio, kompaila ya Microsoft, haikuwa na inttypes.h, faili linalobeba PRId64, mpaka toleo la 2013.

Masasi
Na msvcrt.dll, maktaba ya C ya Windows, ya enzi za XP haikuijua hiyo %lld yako, ilitaka %I64d. MinGW, kompaila ya GCC kwa Windows, ilikuwa inapanua PRId64 kuwa hiyo I64d yenyewe, wewe hugusi kitu. Ndiyo kazi ya makro, mkuu: kila mfumo unajichagulia herufi zake. Ukiona zinachosha macho, C23, kiwango kipya cha C, imeleta %w64d, na glibc, maktaba ya C ya Linux, inaikubali tangu toleo la 2.38. Tatizo ni kwamba mashine za huku hazipati mapya mapema.

Lindi
Kwani ni lazima C? Python namba hazina kikomo, mngekuwa mmeshalala saa hizi.

Mikindani
Kaka wa Lindi, kichwa cha mizani ninachokitengeneza kina chipu ndogo ya ATmega328P, RAM yake kilobaiti 2. Hiyo Python utaikalisha wapi?

Na niwaharibie wote wawili: printf ya avr-libc, maktaba ya C ya chipu hizi, haiijui ll ya %lld kabisa. Ikikutana nayo inakatisha uchapaji hapohapo, kwa hiyo dawa zenu zote mbili kwangu ni maji. Nimeandika funksheni yangu: inagawanya kwa 10, inaokota salio, inajaza herufi kutoka nyuma kwenda mbele, na kila baada ya tarakimu tatu inaweka mkato. Mzee anasoma 5,000,000,000 bila kuhesabu sufuri kwa kidole. Kwenye printf mkato unapatikana kwa alama ya POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix), %', ambayo Windows haina. Funksheni hiyohiyo inakwenda kwenye mizani, Linux na Windows bila kubadilisha herufi.

Mleta mada
Hii naielewa zaidi kuliko hata yangu. Ndugu wa Masasi?

Masasi
Sikatai, maadamu inapokea int64_t. Bado mtu anaweza kuipa double ikageuzwa kimya, kwa hiyo -Wconversion, swichi ya kuonya aina zinapogeuzwa, iwashwe. Swali moja: namba hasi umeifanyaje? Makato yakizidi malipo zitatokea.

Mikindani
Naipeleka kwanza kwenye uint64_t, aina ya biti 64 isiyo na namba hasi, ndipo naigeuza kuwa chanya, kwa sababu -9,223,372,036,854,775,808 haina mwenzake chanya ndani ya int64_t. Nikitoka ghalani jioni naibandika hapa, muijaribu kwenye mashine zenu.