Thoriamu kwenye bahari ya barafu inapima nini hasa?

mpemba_wa_wete: Asalaam alaykum, ati wanapima thoriamu kule Aktiki wajue kaboni gani inazama, sasa thoriamu na kaboni wapi na wapi?

bibi_chumvi: Waalaykum salaam. Sikiza yakhe, uraniamu-238 imeyeyuka majini na chumvi, hainati kwenye chembe. Ikioza, yaani atomu zake zikivunjika zenyewe kwa mionzi, inazaa thoriamu-234 na hii ndo king'ang'anizi, inashika kila chembe inayopita, mwani uliokufa, mavi ya vidudu, inazama nayo. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza, siku 24 tu, kwa hiyo ukikuta juu mionzi yake imepungua kuliko ya uraniamu ujue wiki chache zilopita chembe zimeshuka nyingi. Kaboni unaipata ukichuja maji upime hizo chembe zina kaboni kiasi gani kwa kila thoriamu, na hapo ndo pagumu maana hiyo hesabu inabadilika pahala na pahala

nahodha77: Na thoriamu-230 je, aina nyengine ya thoriamu, nusu-uhai miaka kama 75,000. Katikati ya Aktiki chini ya barafu chembe haba, basi inajikusanya majini

mpemba_wa_wete: Ahsanteni, na kusini Antaktika?

nahodha77: Huko daiatomu (mwani mdogo mno) tele, maganda yao ya silika yanabeba mpaka protaktiniamu-231, elementi nyengine ya mionzi, ambayo kwengine haishikiki kirahisi