Sindano ya mifupa IPI? Wazee wetu wanadungwa bila kuambiwa jina la dawa

Asalaam alaykum wanajamvi.

Naufungua uzi huu kwa hasira. Bi mkubwa anatoka kliniki na kadi imeandikwa "sindano ya mifupa", basi. Jina la dawa halipo, kipimo hakipo, tarehe ya kurudi haipo. Sindano za mifupa, hizi wanazodungwa wenye mifupa iliyodhoofika na kuvunjika kirahisi, si moja, na si madhara yake yote yanayofanana!

Kuna asidi ya zoledroniki, miligramu 5, inaingia kwa dripu mara moja kwa mwaka. Isipitishwe chini ya dakika 15, maana ikikimbizwa figo zinaumia. Kabla yake mgonjwa apimwe kreatinini (inayoonyesha figo zinafanyaje kazi) na kalsiamu, kisha anywe maji, bilauri mbili au zaidi. Sasa mtu amefunga Ramadhani, koo kavu, saa tisa mchana anatundikiwa dripu! Dawa ya mwaka mzima inashindwa kungoja Idi?

Dripu hii ndiyo inayoleta homa, baridi na maumivu ya viungo ndani ya siku tatu za mwanzo, hasa mara ya kwanza. Parasetamoli inatosha kwa wengi, na mwaka wa pili huwa nafuu. Lakini hakuna anayemwambia mgonjwa, kwa hiyo homa ikipanda nyumbani wanakimbilia dawa ya malaria bila kupima, na bibi anaapa harudi tena.

Halafu ipo denosumabu, miligramu 60, inachomwa chini ya ngozi kila miezi 6. Hii haina kishindo. Mtu anachomwa, anarudi zake nyumbani, anapika. Kwa kuwa haimsumbui, na bei yake si ya mchezo, anaona akiruka mara moja si neno. Hapo ndipo penye balaa, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Zoledroniki hujishika ndani ya mfupa, ikichelewa kidogo bado ipo. Denosumabu haikai mfupani. Inazizuia tu zile seli zinazomung'unya mfupa, na muda wake ukipita zinaamka zote kwa pamoja. Ukivuka miezi 7 tangu sindano ya mwisho, pingili za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika, na mara nyingi si moja. Anayetaka kuiacha lazima apewe dawa nyingine ya kushika nafasi yake, kwa kawaida hiyo hiyo zoledroniki. Haiachwi hivi hivi. Nani anawaambia wazee wetu haya?

Na kalsiamu je? Ganzi pembeni mwa mdomo, vidole kuchomachoma, misuli kukakamaa, hasa wiki mbili za mwanzo baada ya sindano: hiyo ni kalsiamu ya damu kushuka, si "presha", si "uchovu". Arudi hospitali siku ile ile. Mwenye figo mbovu ndiye aliye hatarini zaidi; Marekani walitoa onyo kali kuhusu denosumabu kwa wagonjwa hao Januari 2024. Vitamini D nayo ipimwe, maana jua letu ni kali lakini halipenyi buibui.

Meno mabovu yang'olewe KABLA ya sindano, kwa sababu baadaye taya linaweza kukataa kupona. Ni nadra, lakini likitokea ni mateso. Maumivu ya paja yasiyoeleweka nayo yapigwe picha, yasikandwe tu.

Jambo jingine ni friji. Denosumabu inakaa nyuzi 2 hadi 8, na ikishatolewa haitakiwi kuzidi nyuzi 25. Joto letu linazidi hapo, na sindano inavushwa na boti mpaka Pemba ndani ya mkoba! Iwe kwenye kasha la barafu, na isigusane na barafu yenyewe, ikiganda imeharibika.

Kwenye kadi tunataka mistari minne tu: jina la dawa, kipimo, tarehe aliyochomwa, tarehe ya kurudi. Mwenye mzazi anayechomwa, akaitazame kadi leo. Kama jina halimo, arudi nayo ikaandikwe.