Kikoba chetu kimenunua mashine ya presha, watu wanapimwa lakini hawaendi zahanati

MwekaHazina_Mbagala

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa wauguzi, matabibu na yeyote aliyewahi kufanya kazi za afya mitaani.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama huku Mbagala. Tuko 28, tunakutana Jumamosi saa kumi jioni barazani kwa mwenyekiti. Mwaka juzi mwenzetu mmoja, muuza vitumbua, alianguka alfajiri akiwa anawasha jiko. Kiharusi. Alikaa wodini siku nne akafariki. Alikuwa na miaka 47, na mara ya mwisho kupimwa presha ni alipokuwa na mimba ya kitinda mimba wake, ambaye sasa yuko darasa la tano.

Tulipovunja kikoba Desemba, kila mmoja aliacha shilingi 3,000 kwenye gawio lake. Tukapata 84,000, tukanunua mashine ya presha ya betri, ile ya kufunga mkanda juu ya kiwiko. Tangu Januari tunapima kila Jumamosi baada ya kununua hisa: sisi wenyewe, waume zetu, wapangaji, vijana wa kijiweni. Mpaka leo daftari lina watu 63. Kati yao 19 wamesoma 140 kwa 90 au zaidi, Jumamosi mbili tofauti.

Sasa shida yangu. Kati ya hao 19 waliokwenda zahanati ni watano, na wanaomeza dawa mpaka leo ni wawili. Wengine wanarudi kila wiki kuuliza "leo imefika ngapi?", wanashangaa kidogo, wanakwenda nyumbani. Mmoja anasema hasikii kuumwa. Mwingine anasema ukianza dawa huachi mpaka kaburini. Wanaume wananong'ona kwamba zinamaliza nguvu. Kuna anayesaga kitunguu saumu na ndimu. Na wale watano waliokwenda, mmoja alifika saa moja asubuhi akatoka saa nane bila dawa kwa kuwa zilikuwa zimekwisha.

Anayeninyima usingizi ni mama mmoja muuza mkaa. Amesoma 196 kwa 118. Anabeba magunia mwenyewe na anasema yuko mzima.

Je, kuna mahali watu wa kawaida kama sisi walifanya jambo hili likafanikiwa? Na sisi tumekosea wapi?

MfamasiaMwanza

Dada, hamjakosea kuanza. Mlipokwama ndipo walipokwama wengi.

Mfano ninaoupenda unatoka Los Angeles, Marekani. Daktari Ronald Victor na wenzake walikwenda kwenye saluni 52 za kunyoa za watu weusi, wakapata wateja wanaume 319 wenye presha ya juu. Kwenye karibu nusu ya saluni hizo, kinyozi alimhimiza mteja abadili mwenendo na aende kwa daktari. Kwenye zilizobaki, mfamasia alikuja palepale kwenye kiti cha kinyozi, akapima na kuanzisha dawa kwa makubaliano na daktari wa mteja, akawa anarudi kurekebisha. Matokeo yalitoka 2018. Baada ya miezi sita, namba ya juu ilishuka kwa 9 kule kwenye kuhimizwa tu, na kwa 27 kule alikokwenda mfamasia. Vinyozi wa pande zote mbili walikuwa wanaaminika na wateja wao. Kilichotofautisha ni kwamba upande mmoja dawa ilimfuata mtu pale anapokaa.

Kwa hapa kwetu mfamasia hana ruhusa ya kumwanzishia mtu dozi ya presha kwa uamuzi wake, kwa hiyo msinitegemee mimi wala mwenye duka la dawa. Ila zahanati zetu zina huduma za mkoba. Muuguzi anakuja chini ya mwembe kuchanja watoto, mmemwona. Muulizeni mganga mfawidhi kama anaweza kumtuma tabibu barazani kwenu Jumamosi moja kwa mwezi. Atakuta watu 19 wameshapangwa na daftari liko tayari.

NesiMstaafu_Hai

Mwanangu, pole kwa msiba wa mwenzenu, na hongereni. Mlipokosea napajua kwa sababu nami nilikosea hapohapo kwa miaka.

Nimestaafu uuguzi; sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kituo cha afya wilayani Hai. Siku ya gulio tuliweka meza sokoni, tunapima tangu asubuhi mpaka jua linazama, na kila mwenye presha tunamwandikia kikaratasi: namba yake na maneno "fika kituoni". Jioni tunahesabu vikaratasi, tunaandika taarifa, tunarudi nyumbani tumeridhika.

Mwaka uliofuata, gulio lilelile, akaja mzee mmoja wa kahawa. Kabla hajakaa alitoa mfukoni kikaratasi changu cha mwaka jana, amekikunja ndani ya kipande cha plastiki kisilowe. Akaniambia, "Mimi nimeshapimwa, nesi. Karatasi hii hapa." Nikamfunga mkanda. Namba ilikuwa juu kuliko ya kwenye karatasi. Mwaka mzima alikuwa anatembea nayo kama kadi ya chanjo. Kwake kupimwa ndiyo ilikuwa tiba, na sisi ndio tuliomfundisha hivyo, kwa sababu hakuna aliyepita kwake kesho yake kumuuliza alikofika.

Kwa hiyo daftari lenu lipigwe mistari upya. Liwe na tarehe ya kupimwa, tarehe ya kufika zahanati, tarehe ya kuanza dawa, na presha ya baada ya mwezi. Jumamosi msisome wangapi wamepimwa. Someni majina ambayo safu ya pili bado ni tupu, na kila jina apewe mwanakikoba mmoja wa kulifuatilia, kama mnavyomfuatilia mwenye mkopo. Ninyi mnajua kufuatilia marejesho kuliko nesi yeyote. Ila majina hayo myasome ninyi viongozi pembeni, na kwa ridhaa ya mwenyewe. Presha ya mtu si habari ya barazani.

Halafu pimeni vizuri, maana zahanati ikipima ikakuta tofauti kubwa, mtu atasema mashine ya akina mama ni ya uongo na hatarudi kokote. Akae kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, ametulia. Nyayo zote mbili chini, asikunje nne. Mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi, usifungwe juu ya nguo. Asiwe amebanwa na mkojo, na asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Asiongee, na asisemeshwe! Najua barazani siku ya hisa hakunyamaziki, basi hamisheni kiti ndani. Pimeni mara mbili, ipite dakika moja katikati. Na mkanda uliokuja na mashine mara nyingi ni wa mkono wa wastani. Mama mwenye mkono mnene ukimbana nao, inasoma juu kuliko hali halisi. Tafuteni na mkanda mpana.

Sasa yule mama wa mkaa. Ikifika 180 kwa 110 haisubiri Jumamosi nyingine. Akiwa na maumivu ya kifua, kichwa kinachopasuka, pumzi kubana, macho kuona ukungu, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kumkwama, ni bajaji hapohapo mpaka hospitali yenye daktari usiku na mchana. Kama hana dalili hata moja, aende kesho asubuhi, na asiende peke yake. Usimwambie presha inaua. Hilo analijua, msiba wa mwenzenu aliuona. Kaa naye umuulize kitu kimoja: ukienda zahanati, nini kitaharibika nyuma yako?

Boda_Tandika

Niseme la wanaume, kwa sababu mimi ni mmoja wao. Niliambiwa nina presha nikiwa na miaka 39. Nilimeza dawa wiki sita, nikaona mambo ya chumbani yamepungua, nikaziacha kimyakimya. Mke wangu hakujua. Miezi minane baadaye nikaanza kuvimba miguu na kuhema nikipanda ngazi. Daktari aliponiuliza nikamwambia ukweli. Akanieleza kwamba presha yenyewe ikiachwa inaharibu mishipa ya damu, ikiwemo ile ya huko, na kwamba dawa ziko aina nyingi. Ikikusumbua moja unabadilishiwa. Akanibadilishia. Niko sawa sasa, na nyumbani pia.

Dada, wanaume hawatakuambia hili wewe. Tafuteni mwanamume mmoja anayemeza dawa akae na wenzake kijiweni.

Mtanga_Joensuu

Naandika kutoka Joensuu, Ufini, ninakoishi na kufanya kazi. Dada ameuliza kama watu wa kawaida waliwahi kufanikiwa. Mkoa huu ninaoishi, Karelia Kaskazini, miaka ya sitini ulikuwa na vifo vingi vya moyo vya wanaume ambao hawajazeeka kuliko karibu sehemu yoyote duniani. Wakata mbao na wakulima, watu wa kazi nzito. Mwaka 1971 wenyeji na viongozi wao waliandika ombi kwa serikali wakitaka msaada. Mradi ukaanza 1972 chini ya daktari kijana, Pekka Puska.

Jambo linalonigusa ni akina mama. Chama cha wanawake kinachoitwa Martat kiliandaa mikusanyiko vijijini, wanapika vyakula vya kwao vilevile, ila siagi na mafuta ya wanyama yamepunguzwa, chumvi kidogo, mboga zimeongezwa, halafu kijiji kizima kinaonja. Baadaye vijiji vikashindana kipi kitashusha lehemu (mafuta ya kwenye damu, kolesteroli) zaidi. Katika miaka kama arobaini vifo vya maradhi ya mishipa ya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Sigara ilipungua, presha ilitibiwa, chakula kikabadilika, vyote pamoja.

Kikoba kinapika kila msiba na kila arusi. Sufuria liko mikononi mwenu.

MwekaHazina_Mbagala

Shikamoo mama nesi. Asanteni wote, nimesoma mara mbili na nimemsomea mwenyekiti kwa simu. Nitakwenda kwa mama wa mkaa kesho baada ya swala ya alfajiri. Swali dogo kuhusu chumvi: tunaambiwa "punguza", lakini punguza mpaka wapi? Hakuna anayepima chumvi kwa mizani.

NesiMstaafu_Hai

Marahaba mwanangu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kisichofurika. Lakini usiwahangaishe watu na vijiko. Hesabu pakiti. Watu sita kwa siku 30 ni gramu 900. Kwa hiyo nyumba ya watu sita isimalize hata pakiti mbili za nusu kilo kwa mwezi, na humo bado hujahesabu chumvi iliyomo kwenye mkate, mchuzi mix na ng'onda. Mwambie kila mwanakikoba aandike tarehe juu ya pakiti siku anapoifungua. Akiona imeisha wiki ya pili, ameshajua, huna haja ya kumhubiria. Na kichupa cha chumvi kitoke mezani. Ndimu, pilipili na kitunguu vibaki.

Kitunguu saumu kiliwe, ni chakula kizuri. Ila anayekinywa badala ya dawa huku mashine inasoma 170, mwonyeshe namba zake mwenyewe za wiki nne daftarini na umwache azitazame.

Na yule aliyesema ukianza dawa huachi, usimdanganye. Wengi wataendelea nazo miaka mingi. Mwambie hivyo hivyo, kisha mwambie unga nao tunanunua kila mwezi.

MwekaHazina_Mbagala

Nimerudi na taarifa, ni wiki ya tano sasa.

Mama wa mkaa nilimuuliza kama nilivyoelekezwa. Hakusema habari ya dawa hata kidogo. Alisema, "Nikiondoka nani atakaa na mkaa? Mara ya mwisho nilirudi nikakuta visado vinne havipo na hela sina." Kumbe ni hilo tu, na sisi miezi yote tunamweleza habari za kiharusi. Mwenyekiti alikaa na mkaa wake siku hiyo tangu saa moja mpaka saa saba, mimi nikaenda naye. Zahanati walimpima mara mbili, wakamwandikia rufaa ya kituo cha afya, tukaenda hukohuko siku ileile. Ameanza dawa. Dawa moja haikuwepo dirishani, tukainunua kwa mfuko wa jamii, akina mama wamekubali uwe mkopo usio na riba. Anazimeza akimaliza kuswali alfajiri, kopo liko juu ya kabati la vyombo, na binti yake ndiye shahidi. Juzi amesoma 158 kwa 96. Daktari anasema bado, amemwongezea.

Safu ya pili ya daftari sasa ina majina 13 kati ya 19. Mganga mfawidhi hajakubali kumtuma tabibu barazani, anasema watumishi ni wachache, lakini ametupa Alhamisi: watu wetu wakifika na daftari wanapokelewa pamoja, hawapangi foleni mara mbili. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wetu ameanza kuja Jumamosi. Mkanda mpana bado tunautafuta, aliyeuona Kariakoo aniambie duka.

Mama wa mkaa anarudi kliniki Alhamisi ijayo. Zamu ya kukaa na mkaa ni yangu.