Mtaro wa Geti ya Bluu: majirani wa Huruma, Alhamisi jioni

Mama Wambo: Majirani habari za jioni. Maji ya mvua ya jana yaliingia hadi kwa Rehema. Mtaro umeziba tena. Tunachanga 100 kila nyumba, Jumamosi vijana wazibue. Waliotuma mpaka sasa: Mwalimu na mimi. Basi.

Kevo: Mama Wambo, si kwa chifu wanaandika watu wa kusafisha mto? Tungoje hao wafike na huku. Mia ni pesa.

Mama Wambo: Wewe umeandikwa?

Kevo: Nilienda jana nikaambiwa orodha ishajaa. Ilijaa kabla haijafunguliwa.

Rehema: 😂😂

Baba Imani: Hizo kazi ni pesa ya kumwaga tu. Kazi Mtaani ya 2020, ile ya serikali kulipa vijana wasafishe mitaa, walikata nyasi upande huu wakarundika upande ule, wiki iliyofuata wakazirudisha.

Kevo: Baba Imani, kwa heshima zote, mimi nilikuwa huko. 455 kwa siku, siku 11 kwa mwezi. Piga hesabu, ni 5,005. Na ilikuwa ikichelewa mpaka unasahau unadai. Lakini hiyo ndiyo ilifuta jina langu kwa daftari yako ya madeni.

Rehema: Wueh.

Mama Wambo: Na kwangu alilipa chapo na maharagwe za mwezi mzima. Nilikuwa nimeshamsamehe.

Mwalimu Mutiso: Hapo Kevo umesema. Pesa kama hiyo usiipime kwa nyasi. Watu wakiacha kununua, serikali inatafuta mfuko ambao pesa haiwezi kulala. Kevo akilipwa, saa saba pesa iko kwa Mama Wambo, jioni iko kwa Baba Imani, asubuhi iko kwa muuzaji wa jumla. Ingepewa tajiri ingeenda benki ikajifunika blanketi.

Baba Imani: Sawa Mwalimu, lakini pesa yenyewe ni ya kukopa. Nani analipa? Mei 2020 Rais Uhuru alisoma bilioni 53.7 za kufufua uchumi, tukapiga makofi. Januari 2021 VAT, ile kodi ya bidhaa waliyokuwa wamepunguza, ikarudi juu.

Mwalimu Mutiso: Deni ni kweli, sikatai. Lakini ngoja niwape ya 2009, Uhuru huyo huyo akiwa Waziri wa Fedha. Bajeti ya Juni, bilioni 22. Mabwawa 200 ya samaki kwa kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140. Na kwetu Ukambani tukapewa! Ndugu yangu alichimbiwa moja, vifaranga vikaletwa, halafu jua likaja likafanya kazi yake. Ng'ombe wakanywa maji yaliyobaki. Leo ni shimo la takataka. Ukiuliza kijijini unaambiwa mradi wa samaki ulikufa. Hakuna atakayekuambia kwamba vijana waliochimba walilipwa, na mmoja ameezeka nyumba ya mamake kwa mabati ya pesa hiyo. Mabati hayana kibao cha mradi. Shimo linacho, mpaka leo.

Kevo: Na kibao ndicho kimebaki kizima 😂

Rehema: Mimi mnisaidie. Kuna ile ya kupunguza kodi pia 2020. Mshahara usiozidi 24,000 hukatwi PAYE, ile kodi ya mshahara, na VAT ikashuka kutoka 16 hadi 14. Ya mshahara haikunifikia, hoteli ilitufunga Aprili, ningekatwa nini? Lakini VAT nayo ilienda wapi? Sikuona kitu kimeshuka bei hapa.

Mwalimu Mutiso: Unga na mboga hazikuwa na VAT tangu mwanzo. Ilikuwa sabuni, mafuta ya kujipaka, vitu hivyo. Kilichouzwa 116 kingeshuka hadi 114.

Rehema: Haya. Hizo shilingi mbili nani alizila?

Mama Wambo: Baba Imani uko kimya.

Kevo: Anaandika… ameacha… anaandika…

Baba Imani: Sikilizeni. Yule wa jumla alipunguza kidogo kwa katoni. Sasa mimi nikurudishie mbili kwa sabuni, coin ya mbili mmewahi kuiona wapi? Ningewapa peremende?

Rehema: KUMBE NI WEWE 😭😭😭

Mama Wambo: Miaka yote hii nalaumu serikali.

Baba Imani: Na mimi nilikuwa na kodi ya duka ya miezi mitatu! Hiyo mbili mbili ndiyo ilifanya msikute kufuli hapo. Kwani hapo uchumi haukufufuka?

Mwalimu Mutiso: Kwa kweli ulifufuka. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeona. Hata Marekani yalimkuta Obama. Kwa sheria yake ya 2009 ya kufufua uchumi alipunguzia kodi karibu familia zote za wafanyakazi, lakini akaitoa kidogo kidogo ndani ya mshahara. Februari 2010 watu wakaulizwa, ni kama 12 kwa 100 waliosema kodi yao imeshuka.

Faith (Minnesota): Mwalimu mambo ya huku niachie 😂 Trump 2020 alijifunza. Dola 1,200 za msaada wa corona zilipotoka, hundi za karatasi zilichapwa jina lake. Sisi wa benki hatukukosa, tuliletewa barua yenye sahihi yake. Jirani yangu bado ameiweka kwenye droo.

Kevo: Mheshimiwa wetu hana haja ya barua. Ile taa ya mulika mwizi ya kwa stegi imeandikwa jina lake kubwa kuliko taa yenyewe. Na taa ilizimika.

Rehema: Jina linawaka?

Kevo: Jina halitumii stima.

Baba Imani: Sasa mkiyajua hayo yote, mbona Juni 2024 mlikuwa tao mkipiga kelele? Pesa za kuwapa hizo kazi zinatoka kwa kodi.

Kevo: Tulikataa Mswada wa Fedha, hatukukataa kazi. Niambie kodi yangu imeenda kwa mtaro upi na nani ameandikwa, nitalipa. Orodha ya jana ina watoto wa mtu mmoja watatu. Hao si ndio pesa italala kwao, Mwalimu?

Mwalimu Mutiso: Hapo sina jibu.

Mama Wambo: Wanasiasa, mvua inaanza tena. Mia. Namba ni ile ile.

Rehema: Nimetuma. Zulia langu bado liko kwa kamba.

Faith (Minnesota): Nimetuma 1,000. Ya soda ya vijana iko ndani.

Kevo: Mimi naleta jembe, hesabuni kama mia.

Mama Wambo: Imekubaliwa.

Baba Imani: Nimetuma 200. Mama Wambo, kwa orodha uandike jina kamili na duka.

Rehema: Hiyo mia ya juu ni VAT yetu. Usiandike.