Breki za diski au gia za umeme? Pesa inatosha kimoja

MtuWaKikuyu: Wadau, nimepata baiskeli mbili za mbio, zote za mitumba, bei karibu moja. Ya kwanza ina gia za umeme, Ultegra Di2, lakini breki zinabana rimu. Ya pili ina breki za diski za mafuta na gia za waya, Shimano 105. Siku za kazi natoka Kikuyu hadi Westlands. Jumapili tunateremka Mai Mahiu au Magadi Road. Mngechukua ipi?

FundiNgongRoad: Ya diski, na sababu kubwa ni fremu. Fremu ya breki za rimu haina mahali pa kufungia kalipa (vibanio) za diski, hivyo breki hizo utakaa nazo hadi uiuze. Gia unaweza kubadilisha mwaka wowote ukipata pesa.

Halafu kuna mvua ya Aprili. Rimu ikilowa, unabana na baiskeli bado inakwenda hadi pedi zifute maji. Mchanga wa kando ya barabara nao hunasa kwenye pedi na kuikwaruza rimu. Nimeletewa rimu za alumini zilizolika hadi zikabonyea, na hapo unanunua gurudumu. Diski ikilika, unabadilisha diski tu.

MamaKarura: Mimi nasimama upande wa gia. Nilivunjika kifundo cha mkono wa kushoto, na kila nikipandisha mnyororo kwenye gia kubwa ya mbele maumivu yalifika kwenye kiwiko. Sasa nabonyeza kitufe tu, na kile kifaa cha mbele kinachohamisha mnyororo kinajisogeza chenyewe mnyororo usisuguane nacho. Hizi gia zimenirudisha barabarani. Kuhusu chaji, wiki kadhaa hupita kabla sijachomeka, kwa hiyo stima ikipotea usiku wa kuamkia safari sina wasiwasi.

CornerBaridi: Pole sana dada, kwako hakuna ubishi. Kwa mwenye mikono mizima bado nasema diski. Najua mtu atamtaja Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi hii: alishinda Tour de France nne kati ya 2013 na 2017, zote kwa breki za rimu, na mwaka 2021 alilalamika hadharani kwamba diski husugua na hupata moto kwenye miteremko mirefu. Sawa, lakini yeye alishuka barabara zilizofungwa. Sisi Mai Mahiu tunashuka na malori. Juzi moja lilisimama ghafla mbele yangu, lami imelowa, na vidole viwili vilitosha kunisimamisha.

FundiNgongRoad: Kusugua kupo, hasa diski ikipinda kidogo. Kinachoniuma zaidi ni watu kumimina mafuta ya breki za gari. Shimano hutumia mafuta ya madini. Ukitia DOT, yaani hayo ya gari, mipira ya ndani inaharibika.

MtuWaKikuyu: Mkono wangu mzima, kwa hiyo Jumamosi naenda kuiona ya diski. Niangalie nini?

FundiNgongRoad: Pima unene wa diski. Mpya ni milimita 1.8, ikifika 1.5 ni ya kutupa. Kisha bana breki uishikilie: mkono wake ukizama polepole kuelekea usukani, kuna mahali panavuja au hewa imeingia. Na ukiibeba kwa gari magurudumu yakiwa yametolewa, usiguse breki kabisa, pistoni zinazosukuma pedi zitatoka nje na gurudumu halitaingia hadi uzirudishe ndani.