Mjadala: Windows 10 imeachwa. Ofisi ndogo za Mwanza tununue mashine nyingine au tuhamie Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft iliposimamisha apdeti za bure za usalama kwa Windows 10, kila steshenari na ofisi ndogo ninayopita kushughulikia kompyuta, Makoroboi, Mabatini mpaka Buzuruga, naulizwa jambo lile lile: mashine inapiga kazi vizuri, kwa nini naambiwa imepitwa? Mafundi wengi wanajibu "nunua nyingine". Mimi napinga, na napinga kwa nguvu zote.

Tuelewane kwanza kilichotokea. Windows 10 ilitoka Julai 2015. Windows 11 ikafuata Oktoba 2021, ila haipokei mashine yoyote tu. Inataka TPM 2.0, yaani chipu ya kutunza funguo za siri, na kama ni Intel basi prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, ambazo zilianza kuuzwa 2017. Sasa ingia duka lolote la kompyuta za mtumba hapa mjini. Utakuta desktop za kizazi cha nne, cha sita, cha saba. Zimeshatumika ofisini Ulaya, zimekuja kwetu, ukiziwekea SSD (diski ya kasi) na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya 8GB zinafungua kazi mara moja. Zinachapa barua, zinaprinti mitihani, zinatoa control namba. Hakuna kilichokufa ndani yake. Uamuzi umefanyika makao makuu ya Microsoft, Redmond, Marekani, na gharama inamfuata mwenye duka Igoma.

Kuna njia ya kuongezewa muda wa apdeti za Windows 10. Mtu binafsi analipa dola 30 kufika Oktoba 2026, au halipi kitu akikubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake kwao. Ofisi ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na kila mwaka unaofuata bei inazidishwa mara mbili. Mwenye mashine nne anazungumzia kama laki sita za kuanzia, kwa kompyuta ambazo ni zake na alishazilipia. Ulaya vyama vya walaji vilipiga kelele, masharti yakalegezwa. Huku hakuna aliyesema neno.

Pendekezo langu: wekeni Linux Mint, aina mojawapo ya Linux. Toleo la 22 lina apdeti mpaka 2029, bure. Kazi nyingi za steshenari siku hizi ziko kwenye brauza, na Chrome na Firefox zote zipo huko. Printa nyingi za HP inazitambua yenyewe. Baadhi ya Canon za leza zinahitaji draiva, yaani programu ya kuziendesha, ulizia kabla hujaanza. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa Nyegezi

Mkuu, mimi nina steshenari, wateja wangu ni wanachuo. Nilishajaribu LibreOffice, ile programu huria inayotumika kwenye Linux badala ya Word. Akaja dada na CV yake ya ukurasa mmoja, nimeifungua tu, zikawa kurasa mbili. Jedwali la elimu limekatika katikati, namba za simu za wadhamini zimeshukia chini, mstari wa sahihi umebaki peke yake juu ya ukurasa wa pili. Akaniambia, "Kaka, umeniharibia kazi yangu." Nimeanza kupanga upya huku foleni inasubiri, na hela ya kupanga upya huwezi kumdai. Mteja hajali falsafa ya programu huria, anataka alichokiandika kitoke kama alivyokiandika. Bora nimuite fundi anipigie Windows 11 kwa kuruka ule ukaguzi wa TPM na prosesa. Wanafanya kila siku na inakubali.

Mchangiaji wa Kirumba

Na mimi nishike hapo hapo. Natunza hesabu za mfanyabiashara wa dagaa pale mwaloni, soko la samaki. Programu ya hesabu tuliyouziwa inakaa kwenye Windows tu. Printa ya risiti nayo, draiva yake ni ya Windows tu. Wewe unasema tuhame, unatuhamishia wapi? Mzigo ukishafika wa kwenda Dar, gari haliwezi kusubiri mimi nijifunze mfumo mpya.

Mleta mada

Ndugu wa Nyegezi, ulichosema ni cha kweli, na chanzo chake kinajulikana. Word ilitumia fonti ya Calibri kuanzia toleo la 2007, na LibreOffice ina Carlito yenye upana ule ule wa herufi, kwa hiyo kurasa hazisogei. Mwaka 2023 Microsoft wakabadilisha, fonti ya kuanzia ikawa Aptos. Hiyo LibreOffice haina, inaweka nyingine badala yake, herufi zinatanuka na jedwali linavunjika. Dawa ni kumwambia mteja akutumie PDF. Simu yake inaweza kuitengeneza kabla hajafika kaunta, na PDF haisogei hata kwenye mashine gani. Ubandike tangazo mlangoni.

Kuhusu kuruka ukaguzi, Microsoft wenyewe wameandika kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata apdeti. Utakuwa umelipa fundi ili urudi ulipokuwa. Na wengi hawaishii hapo, wanawekewa na Windows iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa leseni, kizuia virusi kimezimwa ili kraki ikubali. Halafu tunashangaa flashi ya mwanachuo inaingia na folda ya utafiti, inatoka na shortcut tupu. Virusi wale wameandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux unaliona faili lake halisi lililofichwa, unamrudishia. Nimewaona watu wakitaka kulia kwa furaha pale kaunta. Hilo peke yake linanitosha kuitetea.

Ndugu wa Kirumba, kwako sibishani: mashine ya risiti na hesabu ibaki Windows, na kama kuna hela ya kununua kompyuta moja mpya, iende hapo. Zile nyingine za ofisi hazina sababu ya kufuata. Ila lawama yangu inakwenda kwa waliokuuzia. Programu ya hesabu za dagaa ingeweza kufunguka kwenye brauza yoyote, lakini aliyeitengeneza alikufunga kwenye mfumo mmoja na sasa hasikiki. Na kwa mifumo inayonunuliwa kwa fedha za umma, natamani lingekuwa sharti la zabuni: ifunguke kwenye Firefox na Chrome, kwenye Windows na Linux, la sivyo isilipiwe.

Mpigie aliyekuuzia, muulize kama ana toleo la kwenye brauza na litagharimu kiasi gani, kisha utuwekee jibu lake hapa. Wapo wengine wa mwaloni wenye programu za namna hiyo, wanasoma.