Naomba ushauri: tairi za Mazda Roadster ya kutembelea kiangazi

Habari wakuu. Nina Mazda Roadster NC (kigari cha michezo cha viti viwili, toleo la tatu), saizi ya tairi ni 205/45R17. Naitoa wikendi tu kukiwa kukavu, Dar mpaka Bagamoyo. Mvua zikianza inafunikwa turubai. Kashata (meno ya tairi) bado nene, ila namba ya DOT inasomeka 2315, yaani zilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015, na ubavuni kuna vinyufa vimefika karibu na rimu. Mpira umekakamaa, kwenye kona gari linateleza mapema.

Nabadilisha zote nne, hilo sina mjadala nalo. Nimebaki kati ya Michelin Pilot Sport 4 na Bridgestone Potenza RE003. Kwa lami yetu ya moto, ipi inashika vizuri bila kupigapiga kwenye matuta? Na kwa gari linalolala sana hivi, kuna haja ya kulipia tairi za bei zitakazozeeka kabla hazijaisha? Mliozitumia, tafadhali nisaidieni.